Kikapu cha Uji cha Jerusa

Siku Jerusa aliponiambia atapika malenge ndani ya kikapu bila moto, nilicheka hadi nikamwaga majani. Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, tukichuna chai mistari jirani katika shamba moja la kampuni karibu na Boito. Jerusa alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono myepesi kutushinda sote, na hakuwa mtu wa mzaha. Aliningoja nimalize kucheka, kisha akaendelea kueleza huku macho yanamng'aa.

Shida yake niliijua. Mama mkwe wake, ambaye sote tulimwita Kogo, yaani nyanya, hakuwa na jino hata moja. Mikono yake ilitetemeka, na alikuwa ameshaungua mekoni, kwa hiyo mwanawe Kipngeno, mume wa Jerusa, alimkataza kugusa moto. Sisi tulitoka alfajiri na kurudi saa tisa. Saa zote hizo Kogo alishinda na chai ya themosi, akitazama ugali wa jana asioweza kuutafuna. Alikuwa anakonda, na Kipngeno alishafika mwisho wa subira.

"Wacha hiyo kazi ukae na mama," alimwambia mkewe.

"Nipatie wiki moja," Jerusa akasema.

Kazi ile aliipenda, na asitokee mtu kuniambia kuchuna chai hakupendeki. Kule mistarini alikuwa Jerusa, mchunaji wa kwanza, na hakuna aliyemtuma maji.

Maarifa ya kikapu aliyapata kanisani Kapkatet, kwa mwalimu mmoja aliyekuja kufundisha kina mama. Unachukua kikapu kikubwa, unakitandika sweta kuukuu na majani makavu ya mgomba, unashona mto wa kukifunika. Jioni unachemsha malenge na chenga za mahindi kwa dakika ishirini, unaingiza sufuria ikiwa bado inatokota, unafunika. Joto linafanya kazi lenyewe hadi asubuhi, na ukipakua ukafunika tena, uji unabaki na joto hadi mchana. Sharti ni moja tu: usiku hakuna kufungua.

Asubuhi ya kwanza nilimpitia nyumbani kama kawaida, nikiwa na hamu kuliko mwenye kikapu. Nilimkuta Jerusa ameshika mwiko, uso umeanguka. Uji ulikuwa baridi na chenga zilikwaruza kama changarawe. Kogo alikuwa ameamka mara tatu akaufungua na kuukoroga, maana tangu azaliwe hajaona mwanamke akiacha uji bila kuukoroga.

"Niliuonea huruma," alisema. "Chakula inalala peke yake bila moto."

Kipngeno alionja, akatema, akatoka kwenda kukama ng'ombe. Mimi na mdomo wangu huu ningesema maneno. Lakini nyumba ile mke hamwamrishi mama mkwe, na Jerusa alimheshimu kweli. Siku nzima nilikasirika kwa niaba yake mpaka nikang'oa matawi mazima.

Tulipokuwa tunapima majani, alishtuka kama mtu aliyeitwa. Akacheka peke yake. Sikuambiwa kitu.

Jioni hiyo alipika tena. Safari hii alibeba kikapu hadi kitandani kwa Kogo, akakiegemeza mgongoni pake, akapiga magoti.

"Mama, nisaidie kulinda hii. Mtu asifungue, hata mimi."

Sikuwapo, ila nilisimuliwa na wote watatu, kila mmoja kwa namna yake. Kogo alikiegemea kile kikapu usiku kucha kama kuku anayeatamia. Kilimpasha joto mgongo uliokuwa ukimsumbua miaka. Kipngeno alipokuja kuchungulia kabla ya kulala, fimbo ya mama yake ilimtua kwenye vidole. Mwanamume mzima alirudi kitandani akijipuliza mkono.

Asubuhi nilikimbia, kweli nilikimbia. Kogo alitusubirisha wote, akafungua mto mwenyewe, taratibu, mikono ikitetemeka. Mvuke ukapanda hadi kwenye dari. Malenge yalikuwa yameyeyuka, chenga zimelainika, uji wa rangi ya dhahabu! Nilipiga makofi kama mtoto. Hakukuwa na moto wa kumwunguza, kwa hiyo alipakua mwenyewe, akamimina maziwa juu. Nikatazamia ale, maana siku zote hizo tulikuwa tukizungumzia njaa yake.

Akanyoosha kikombe kwa Jerusa.

"Kula kwanza. Unafikiri sikuonangi ukienda kazi na njaa?"

Jerusa alikula amesimama, machozi yakimtiririka, wala hakuyapangusa. Miaka tisa katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumpakulia. Alipomaliza, Kipngeno alikuwa mlangoni. Aliinua kikapu cha kuchunia chai na kumvika mkewe mgongoni, mbele yangu na mbele ya mama yake.