Madam Haifa na Punda wa Wayrapata

Kwa miaka mitatu aliyomfanyia kazi za nyumbani Riyadh, Eddah hakuwahi kumwona Madam Haifa akitembea umbali unaozidi ule wa kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa gari. Huyu alikuwa mwanamke wa kupiga simu kutoka sebuleni ili aletewe maji kutoka jikoni. Kwa hivyo siku aliposema kwamba likizo ya mwaka huo wangekwenda Peru, kijijini, milimani, Eddah aliendelea kupiga pasi. Alijua ni maneno ya kupita.

Hayakupita. Rafiki mmoja wa madam alikuwa amerudi na picha za milima ya huko, watu wakazisifu Riyadh nzima, na Madam Haifa hakuweza kulala na jambo kama hilo. Eddah naye akaambiwa ajitayarishe, maana pacha wawili wa madam, wasichana wa miaka sita, hawakuwa wakikubali kulishwa na mtu mwingine.

Eddah alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Molo, amekulia kwenye mashamba ya viazi. Kwake mlima ulikuwa mahali pa kulima, tena kwa shida. Kuupandia ndege mbili uende kuutazama, kisha urudi, aliona ni ugonjwa wa watu wasiochoka. Alifunga mizigo ya nyumba hiyo ya mtaa wa Al-Suwaidi akiwadharau wote, na kile kijiji pia alikidharau kabla hajakiona.

Kijiji chenyewe, Wayrapata, kilikuwa na nyumba thelathini hivi za matofali ya udongo, kimejibanza bondeni, milima imekizingira pande zote. Juu kabisa theluji ilikuwa nyeupe hadi inaumiza macho. Chini ya theluji mteremko mzima ulikuwa umekatwa matuta, na kila tuta limezuiwa kwa mawe yaliyopangwa kwa mkono, moja juu ya jingine, kutoka mtoni hadi kwenye ukungu. Eddah alisimama akayatazama kwa muda mrefu. Alijua kujenga tuta moja ni kazi gani. Dharau yake kwa kijiji iliishia hapo, ikabaki ile aliyokuwa nayo kwa madam.

Madam Haifa alikuwa akimpiga picha mama mmoja aliyepita na kuni mgongoni. "Maskini," alimwambia mumewe, "lakini tazama wanavyofurahi."

Eddah alimwangalia yule mama. Hakuwa na furaha wala huzuni. Alikuwa na mzigo.

Walifikia kwa mjane aliyeitwa Fortunata, umri wake na wa Eddah karibu sawa. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Asubuhi ya pili Eddah alimkuta uani akikanyaga viazi kwa miguu mitupu. Vilikuwa vimetandazwa kwenye nyasi vigandishwe na baridi, na sasa vilipoanza kulainika alikuwa akivikamua maji, ndipo vianikwe vikauke. Eddah alivua viatu akaingia. Viazi vilikuwa baridi kama mawe ya mto. Fortunata alimtazama miguu, akacheka, akamsogezea rundo jingine.

Madam alitokea mlangoni amejifunga blanketi. "Eddah, yalla, osha hiyo miguu kabla hujawagusa watoto."

Siku ya tatu ilikuwa ya kupanda hadi ziwani, chini ya ile theluji. Madam alivaa viatu vipya vya kupandia mlima na kofia ya sufu aliyoinunua njiani. Hawakutembea nusu saa. Kwenye kona ya pili aliketi chini, midomo imebadilika rangi, akatapika juu ya viatu vyake. Ile hewa nyepesi ilikuwa imemshinda. Mumewe alibaki ameshika simu, hajui aite nani.

Fortunata alikuwa akishuka na punda wake amebeba viazi. Hakuuliza kitu. Alishusha magunia, wakampandisha madam, na Eddah akamshika mgongo asianguke. Njia nzima Madam Haifa alilia akimwita mama yake. Eddah alimhurumia kwa muda wa zile kona mbili. Walipofika kijijini madam alipanguswa viatu, akaegemea ukuta milima ikiwa nyuma yake, akamwambia mumewe apige picha.

Mwezi wa Agosti walikwenda Jeddah kwa Samar, dada yake madam. Eddah alikuwa akiwamiminia wageni kahawa Madam Haifa alipoanza kusimulia safari. Walitembea saa sita, alisema. Ziwa lilikuwa la kijani. Yeye alifika wa kwanza.

"Ila Eddah alitushinda," aliongeza. "Alitapika njiani, ikabidi tumtafutie punda."

Wanawake walimgeukia Eddah kwa huruma. Samar akamuuliza, "Pole, Eddah. Mlikuwa mmefika mbali?"

Eddah aliweka birika chini. "Si mimi niliyepanda punda, madam. Mimi nilimshika Madam Haifa mgongo. Na ziwa hatukuliona."

Samar ndiye aliyecheka kwanza, wengine wakafuata.

Jikoni, Beldina, mfanyakazi wa Samar kutoka Homa Bay, alikuwa amesikia yote. "Dada, kazi yako imeisha leo."

"Na iishe."

"Na ukirudishwa nyumbani?"

"Nitalima."

Barabara ya kurudi Riyadh ni mchana mzima. Walipofika madam alisema neno moja tu, "Halas," yaani yamekwisha, akamwambia afungashe. Lakini kabla tiketi haijakatwa Samar alipiga simu akimtaka Eddah, na baada ya miezi miwili ikama yake, kile kibali cha ukaazi, ikahamishiwa kwa kafili mpya, yaani mdhamini wake, mume wa Samar, huko Jeddah.

Eddah hakujidanganya kwamba amependwa. Wiki ile ile ya kwanza wageni walipofika, Samar alimwita. "Eddah, waambie ya punda." Aliwaambia. Mara ya pili aliwaambia tena, akaona jinsi Samar alivyokuwa akimkodolea macho, midomo ikitembea pamoja na yake. Dada wawili, akawaza, na hakuna hata mmoja anayefaa kukamua kiazi.

Mara ya tatu alianzia kwa Fortunata. Alieleza jinsi viazi vinavyotandazwa, vinakaa usiku ngapi, vinavyokanyagwa kuanzia kisigino. Mgeni mmoja alitoa simu yake.

"Lakini punda, Eddah?" Samar aliuliza.

"Punda alikuwa akibeba viazi, madam. Ninakuja hapo."

Hakuharakisha. Wageni walimaliza kahawa kabla hajafika kwenye kuanika. Tangu siku hiyo Samar hakumwita tena kusimulia. Eddah alimimina kahawa na kuwasikiliza wanawake wale wakidanganyana kuhusu safari zao, mmoja baada ya mwingine, naye uso mkavu.