Nilivyokwenda Kawangware Kujifunza Kumpokea Afisa

Ninyi mlio nyumbani Mwingi mmesikia kwamba katika uzee wangu nilitoka Kibera kwenda Kawangware kufundishwa pamoja na vijana, na baadhi yenu mmecheka. Sikilizeni sababu. Mwende, mjukuu wangu, anaandika, lakini maneno ni yangu, na nimemwonya asiyapambe.

Zahanati ya mtaa wetu wa Raila, hapa Kibera, ilikuwa imekaa miezi mingi bila dawa ya presha. Kalekye, mke wangu, alikuwa akikata kidonge vipande viwili, akimeza nusu leo na nusu kesho, na miguu yake ilianza kuvimba. Ndipo afisa wa afya alipokuja kukagua. Mimi ni mwenyekiti wa wazee, nami ndiye niliyeamuru yote: uwanja ufagiliwe, mabenchi yaoshwe, akina mama waimbe, soda inunuliwe, na wagonjwa wabaki nyumbani wasije wakamkoholea mgeni. Mnajua desturi yetu: mgeni haonyeshwi chungu kitupu. Afisa alikunywa soda, akatusifu kwa usafi, akaandika kwamba hali ni njema. Dawa haikuja. Kosa lile lilikuwa langu, na ndilo lililonitoa nyumbani.

Jumatatu asubuhi nilishika njia kwa miguu. Nilivuka Barabara ya Ngong pamoja na vijana waendao vibarua vya ujenzi na akina mama waendao kufua nguo za watu, nikafika kituo cha Kawangware 56 wakati maduka ya mabati na misumari yakifunguliwa. Musyoka, fundi viatu, mtu wa kwetu aishiye karibu na kituo cha 46, ndiye aliyeniambia habari za mafunzo hayo, na ndiye aliyenipokea.

"Mutua," akaniambia, "nasikia huko kwenu mnaimba vizuri mpaka wakubwa wanasahau kuleta dawa."

"Nipe chai kwanza," nikamjibu. "Dharau utaniletea baadaye."

Saa tatu tuliingia katika ukumbi wa kanisa. Walikuwapo wauza mboga, vijana wa bodaboda, na mimi, mzee peke yangu. Aliyetufundisha ni Nafula, mwenye saluni pale 56. Yeye na majirani zake walidai mpaka chumba cha kujifungulia cha zahanati yao, kilichokuwa kimefungwa, kikafunguliwa. Alituambia kwamba matibabu si hisani. Ni haki iliyoandikwa katika Katiba. Kisha akamketisha kijana mmoja wa bodaboda mezani awe afisa, akaniambia niwasilishe shida yetu.

Nilisimama nikasalimu. Nikamshukuru Mungu, nikamtambulisha kila mzee wa Raila kwa jina, nikamshukuru afisa kwa kuacha shughuli zake nyingi. Yule kijana akainuka kitini.

"Mzee, mi nishaenda. Niko na mkutano ingine."

Ukumbi ulicheka. Mimi sikucheka.

"Mzee Mutua," Nafula akauliza, "umemshukuru kwa nini? Amekuletea nini?"

"Ni heshima."

"Sawa. Na mama aliye nyumbani na nusu kidonge, heshima yake iko wapi?"

Nikarudi kuketi.

"Huyu afisa si mgeni," Nafula akasema. "Ni mtu tumemwandika kazi. Kibarua akija shambani kwako, utamficha magugu?"

Neno hilo lilinikalia moyoni siku nzima. Kesho yake wenzangu waliandika katika madaftari. Mimi sikusoma, na nilimwambia hivyo bila haya. Nafula akasema, "Basi weka kichwani. Jina la mgonjwa, ugonjwa wake, siku aliyorudishwa. Halafu useme unataka nini, na lini." Siku ya tatu vijana walikuwa wakipekua karatasi, nami nikisema bila kukwama. Kijana wa bodaboda akanipa mkono: "Mzee, uko rada." Musyoka alinieleza kwamba hiyo ni sifa.

Alhamisi nilirudi Raila kwa miguu, nikawakusanya wazee, maana afisa alikuwa karibu kurudi kukagua. Walinipinga. "Unataka tumwaibishe mgeni?" wakauliza. Nikawaambia kwamba aibu ni kumdanganya, na kwamba safari hii hakuna soda. Kalekye akadakia kutoka mlangoni: "Kwa hivyo mimi nimeruhusiwa kukohoa?"

Afisa alipokuja tena, aliwakuta wagonjwa wamepanga foleni hadi langoni. Nilimkaribisha, nikamketisha benchini katikati yao. Kalekye akaenda kwenye dirisha la dawa.

"Dawa ya presha."

"Hakuna, mama," mhudumu akajibu. "Rudi wiki ijayo."

Akafuata wa pili, akajibiwa vivyo hivyo. Na wa tatu, na wa nne. Afisa akafunga faili lake.

"Mbona nilipokuja mara ya kwanza sikuona haya?"

"Kwa sababu mimi niliyaficha," nikamwambia. "Nilikosa. Leo sifichi." Kisha nikamtajia wagonjwa wote waliorudishwa, jina kwa jina, na siku zao. Nikadai dawa ifike kabla ya wiki mbili kwisha, na orodha ya kila dawa iliyopokelewa ibandikwe mlangoni.

"Mzee, haya umeyasoma wapi?" akauliza.

"Sikusoma. Nimefundishwa Kawangware."

Siku ya kumi dawa ililetwa. Hakuna aliyeimba mpaka Mwende aliposoma tarehe za mwisho wa matumizi kwenye masanduku yote na orodha ikabandikwa. Ndipo akina mama walipoanza, na mimi, nisiyejua kuimba, niliimba nao. Uvimbe wa miguu ya Kalekye umepungua. Sasa anatembea hadi sokoni na kurudi akinilalamikia kama zamani.

Nilichojifunza ni kwamba heshima inayomziba mkubwa macho humwumiza mnyonge. Nasikia afisa wa afya anakuja huko kwenu pia, nanyi mmekwisha kumtenga mbuzi wa kumchinjia. Mrudisheni mbuzi malishoni, mkawaketishe wagonjwa mbele.