Maneno ya Baba Kwenye Diski ya Mtumba

Nilipofungua kibanda cha kuchapa barua Kilosa, karibu na stesheni, kompyuta za mtumba zilikuwa zimeanza kuingia kwa wingi kutoka Dar es Salaam. Yangu ilikuwa mojawapo. Asubuhi nilichapa maombi ya kazi na kadi za harusi. Alasiri, wateja wakipungua, baba alikuja kwa baiskeli kutoka Kimamba, akaketi kwenye benchi, akanisimulia habari za kwao Kasulu nami nikaziandika.

Alitoka huko akiwa kijana, akaja kukata mkonge kwa mkataba, na hakurudi tena. Alinitajia kila mto aliovuka kwa miguu kabla ya kuifikia reli, na mwanamke mmoja aliyempa viazi njiani bila kumuuliza jina. Kila jioni aliniuliza, "Umeyaweka?" Nikamjibu, "Nimeyaweka, baba." Niliyaweka mahali pamoja tu, kwenye diski iliyokuja na kompyuta ile.

Diski hiyo ikaanza kugongagonga taratibu, kama ukucha juu ya bati. Niliusikia ule mlio, nikaendelea na kazi wiki nzima. Kisha asubuhi moja kompyuta ikakataa kabisa kuwaka.

Niliichomoa diski, nikaifunga kwenye kanga, nikapanda basi hadi Morogoro kwa fundi.

"Ilikuwa inalia?" aliniuliza.

"Wiki nzima."

"Ulipousikia mlio siku ya kwanza, ungenakili kazi zako palepale, dada," alisema bila ukali. "Sasa imeshakwaruzika ndani. Mimi sina la kufanya."

Akanionyesha namna ya kuchagua nyingine: nitazame mwaka ulioandikwa kwenye lebo, nisichukue yenye lebo mpya iliyobandikwa juu ya ya zamani, niiwashe kwanza niisikilize. Tena, hata iwe mpya kabisa, kazi ninayoipenda niiweke kwenye diski mbili, zisilale nyumba moja. Nilirudi na mbili mpya.

Baba alipokuja nilimwambia kabla hajaketi. "Yale maneno yamepotea, baba. Yote."

Aliegemeza baiskeli ukutani. "Hata yule mwanamke wa viazi?"

"Hata yeye."

Aliketi kwenye benchi. "Haya, washa mashine yako."

Safari hii hakuitaja mito. Nilipomkumbusha alisema imeshamchanganya. Alinisimulia jinsi mama yake alivyomsindikiza hadi mwisho wa shamba, akamshika mabega, akamwambia jambo. Jambo hilo baba alilitamka kwa Kiha, lugha ambayo hakutufundisha, kisha akageuka akatazama nje. Sikutaka kumkatiza. Niliacha nafasi kwenye mstari, nikakusudia kumuuliza siku nyingine.

Nilinakili yote kwenye diski zote mbili, moja nikampelekea dada yangu Mikumi. Baba aliugua msimu wa mvua uliofuata, tukamzika Kimamba.

Tangu hapo nimebadilisha diski mara kadhaa, na kila mara ninapohamisha kurasa zile nazisoma kwanza. Hakuna herufi iliyopotea. Nikifika kwenye ule mstari wa kuagana na mama yake mwisho wa shamba, nakuta nafasi niliyoiacha, nyeupe, upana wa maneno manne au matano. Nainakili nayo.