Mpe Mume Dawa Alale

Wakili alisoma meseji yangu kwa sauti mbele ya hakimu, na mimi mwenyewe nikaiogopa.

"Kama mume bado anasumbua, mpe ile dawa. Ongeza kidogo. Akilala na wewe utapumzika."

Akasoma na jibu la binti yangu: "Nimempa. Kalala kama gogo."

Watu kwenye mabenchi wakageuka. Mama mmoja jirani yangu akavuta mkoba wake na kusogea pembeni, kama vile nimebeba sumu.

Nawaandikia kina mama wenzangu, hasa nyie mnaochati na mabinti zenu huku mikono ina povu la kufua. Someni mpaka mwisho.

Ndoa ya binti yangu ilishakufa kitambo. Yeye na mkwe wangu, fundi friji, hawakugombea kitanda wala kabati. Waligombea mtoto.

Mjukuu wangu wa pekee, hata shule hajaanza. Hakimu ndiye angesema atalelewa na nani.

Sasa mkwe alibaki na simu ya zamani ya binti yangu. Akachapisha meseji zetu, akampa wakili wake. Dai lake likawa kwamba mimi na binti yangu tulikuwa tunamlisha dawa, tummalize polepole.

Jamani. Bibi na mjukuu wa kiume si ni utani tu?

Mimi tangu azaliwe namwita mume wangu. Binti yangu akipiga simu ananiambia, "Mama, mume wako kagoma kuoga."

Hata mkwe alikuwa anacheka. "Mama, mumeo kanikojolea kitandani, njoo umchukue."

Basi nikaitwa mbele, nikaapa.

"Mama, ujumbe huu ni wako?" Wakili alikuwa mpole, sauti kama ya mtu anayebembeleza mgonjwa.

"Ni wangu."

"Na huyo mume aliyepewa dawa ni nani?"

Nikamtazama binti yangu. Alikuwa anatikisa kichwa, kidogo kidogo, macho yamemtoka pima.

Nikadhani ananiambia nisilie.

"Mheshimiwa," nikamwambia hakimu, "mume ni mjukuu wangu. Ni utani wetu. Huyu fundi nimtilie dawa ya nini, wakati hata chai yangu hajawahi kuimaliza?"

Watu wakacheka. Hakimu naye akainamisha uso kuficha tabasamu. Moyoni nikasema, kesi imekwisha, leo narudi na mtoto.

Wakili hakucheka. Alifunga faili lake taratibu.

"Asante sana, mama. Kwa hiyo aliyeongezewa dawa akalala kama gogo, ili mama yake apumzike, ni mtoto mdogo."

Kicheko kikakatika. Ikabaki feni ya darini inakwaruza.

"Alikuwa anakohoa," nikasema. "Nesi aliagiza kijiko kizima, binti yangu kwa woga akawa anampa nusu. Ndiyo nikamwambia aongeze."

"Hicho kikohozi kimeandikwa wapi hapa?"

Hakikuandikwa. Kikohozi tulikiongea kwa kupiga simu. Maagizo ya nesi yalikuwa ya mdomo, kwenye dirisha la zahanati, na chupa ilishatupwa. Maneno yote ya kutuokoa yalikwenda na hewa. Yaliyobaki ni yale ya kutuzamisha.

Nikamgeukia mkwe wangu. Alikuwa anatazama kucha zake, ametulia tuli.

Hapo ndipo nilipoelewa. Alijua. Miaka yote alijua mume ni nani. Hakuna siku aliyoogopa kufa huyu. Alichotaka ni mimi, kwa mdomo wangu, niseme dawa ilinywewa na mtoto.

Nje kwenye korido binti yangu aliegemea ukuta.

"Mama, nilikutikisia kichwa."

"Nilijua unanikataza kulia, mwanangu."

Mpaka leo hajalizungumza tena.

Mtoto alikwenda kwa baba yake. Sisi tunamwona Jumamosi, sebuleni kwa mkwe, naye amekaa pale pale, simu kaiweka juu ya goti.

Juzi mjukuu alinivuta nguo. "Bibi, mimi siyo mume wako tena?"

Nikaitazama ile simu gotini.

Nikamwita kwa jina lake la kwenye cheti. Akanishangaa, kisha akaenda kucheza peke yake.

Mama mwenzangu, ukimwandikia mwanao habari ya dawa, andika yote: ni ya nani, inatibu nini, nani kaagiza. Usione uvivu. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangeishi na simu, wangesema kidole.

Na utani wako mtamu, uweke mdomoni. Simu haina mjukuu.