Nilifukia rekoda golini Msambweni, wakasema ni fingo: hivi ndivyo nilivyopata filamu yangu

Wakuu, hamjambo. Wazee wa humu shikamooni, wa rika langu mambo, na nyote mlioko huku kwetu pwani, kusini ya feri, salaam aleikum.

Ninayoyaandika hapa ni kweli tupu. Na msinisifu kwa uungwana, ni woga tu. Mhusika mwenyewe ana simu, ana bando, na ameshaniambia atausoma uzi huu. Nikitia chumvi atanianika hapa hapa mbele yenu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mpiga video wa harusi, niko Ukunda. Wazazi wangu walitoka bara wakapata shamba la kugawiwa na serikali, settlement, nami nimezaliwa huku huku. Kwa hiyo nikienda bara naitwa mpwani, nikirudi pwani naitwa mbara. Nimezoea.

Mwaka huu likatoka tangazo la shindano la filamu fupi. Dakika tano, mada ni mapenzi ya mchezo. Mshindi anapata mafunzo ya miezi mitatu na kazi ya kwanza ya kutengeneza filamu.

Sasa wakuu, mimi nimekuwa nikisema "nitatengeneza filamu" tangu binti yangu Neema hajazaliwa. Neema yuko darasa la nne.

Mke wangu hakunifokea. Angefoka ingekuwa afadhali. Aliniambia taratibu, huku anakunja nguo, "Baba Neema, hii iwe ya mwisho. Ukikosa, uza kamera uende kwa kaka yangu."

Kaka yake, yaani shemeji yangu, ana duka la hardware Kona ya Musa. Mabati, misumari, saruji. Si kazi mbaya na simdharau mtu. Lakini najijua. Nikiingia mle ndani sitoki tena.

Nikakubali. Ningesema nini?

Basi nikaanza kuhangaika na mada.

Nilianzia Galu, kwa wale wageni wanaoteleza juu ya maji huku wamevutwa na tiara kubwa. Nikarusha droni, nikaweka slow motion, nikapaka rangi mpaka bahari ikawa buluu kuliko ilivyoumbwa. Nikamwonyesha Mama Neema. Akatazama mpaka mwisho, akauliza, "Nzuri. Hii ni hoteli gani?"

Nikaenda gym moja ya Ukunda kwa wanyanyua vyuma. Hao walikuwa wanajitazama kwenye kioo saa nzima, hata sikujua nafanya nini pale. Nikatoka.

Zikabaki siku kumi na mbili kufika deadline na sina kitu. Kichwa kitupu. Nikawa nakaa mbele ya kompyuta nakata klipu za harusi ya watu huku moyo unaniuma.

Ni Mama Neema huyo huyo aliyeniokoa. Akaniambia Jumamosi kuna fainali ya wanawake Msambweni, Chapakazi Ladies na timu ya kutoka Vanga. "Chapakazi wana kipa muuza mahamri. Watu wanamsema sana. Nenda ukamwone."

Nikaenda siku moja kabla.

Kipa anaitwa Mwanamisi. Miaka thelathini na minane, watoto watatu. Asubuhi anauza mahamri na mbaazi, jioni anadaka. Nikajitambulisha, nikawasha kamera, nikamuuliza kwa sauti ya mahojiano, "Dada Mwanamisi, unapenda nini katika mpira?"

Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini anakula.

"Napenda kucheza."

Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Nikauliza kwa njia nyingine, kwamba mchezo una maana gani katika maisha yake. Akasema, "Kaka, samahani, mbaazi zinaungua." Mahojiano yakaishia hapo.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Ila kuna jambo nililikumbuka. Siku za harusi, mimi humtilia bwana harusi rekoda ndogo ya sauti kwenye mfuko wa kanzu, ili niyapate maneno ya nikaha vizuri. Nikasema, kama dada huyu hasemi mbele ya kamera, angalau nipate sauti ya mpira ukigonga mikono yake.

Sasa hapa ndipo mtanicheka.

Jumamosi nikafika uwanjani mapema, hakuna mtu. Pale upepo wa baharini ni mkali na mchanga unaingia kila mahali, kwa hiyo nikaiwasha rekoda nikaifunga vizuri. Kitambaa nilichokuwa nacho kwenye begi ni chekundu. Nikasema bora, nitakiona kwa urahisi wakati wa kukitoa. Nikakifunga kwa kamba nyeusi. Nikachimba kando ya nguzo ya goli, nikafukia, nikaacha kipembe tu kinachungulia. Sikumwambia mtu, kwa sababu nilitaka sauti za kawaida, watu wasijue kama wanarekodiwa.

Wale wa pwani mmeshashika vichwa.

Kwa wasiojua: fingo ni dawa inayofukiwa ardhini, shambani au nyumbani, kuwa kinga. Na kwenye mpira wetu huku, ukikuta kitu kimefungwa kitambaa chekundu na kamba nyeusi kimefukiwa golini, huulizi ni nini. Mimi nimezaliwa huku, nimekula mihogo ya huku, na haikunijia akilini hata kidogo. Nilikuwa nawaza sauti tu.

Mechi ikaanza. Mwanamisi akasimama goli lile lile.

Wakuu, wale wasichana wa Vanga walikuja kucheza. Walimshambulia kipindi kizima, na Mwanamisi alidaka kila kitu. Alidaka kwa mikono, kwa kifua, mpira mmoja aliutoa kwa goti. Mwingine uligonga nguzo ukamrudia mkononi. Mapumziko, bila kwa bila.

Timu zikabadilishana goli. Kipa wa Vanga, msichana mrefu anaitwa Riziki, akaja pale, akaanza kusawazisha mchanga kwa mguu.

Akasimama. Akainama. Kisha akapiga ukelele.

"Fingo! Jamani kuna fingo hapa!"

Uwanja mzima ulikimbilia lile goli. Vanga wakasema sasa wamejua kwa nini mpira ulikuwa hauingii. Kila aliyekumbuka ule mpira uliogonga nguzo akaapa aliuona unapinda wenyewe. Mzee Kassim, mwenyekiti wa mashindano, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba kisiguswe, yaletwe mafuta ya taa kichomwe, na kwamba matokeo ya Chapakazi yatajadiliwa.

Na wote wakamgeukia Mwanamisi.

Nilinyamaza, wakuu. Nakiri. Nilisimama na kamera yangu shingoni nikawa natazama watu wanamwita yule mama mchawi, nami mwenye kitu nipo. Nilikuwa nahesabu umati na kupiga hesabu ya njia ya kutokea. Naona haya mpaka leo kuandika hivi.

Mwanamisi alikuwa analia. Akainua mikono yake miwili, imechubuka, akasema, "Miaka kumi na sita nadaka. Hii mikono mnaiona? Mimi sina dawa nyingine!"

Hapo nikaona hata kama ni kupigwa, nipigwe.

"Ni changu!" nikasema. "Si fingo, ni rekoda! Mimi ndiye niliyefukia!"

Mnadhani waliniamini? Mama mmoja wa Vanga akasema, "Mbara huyu kalipwa." Mwingine akasema hata wabara siku hizi wanafuata dawa. Mzee Kassim akaniuliza kwa upole mkubwa, na upole wenyewe ulinitisha, "Mwanangu, kama ni chombo cha sauti, kwa nini umekivisha nguo ya mganga?"

Nikamwambia, "Mzee, shikamoo. Niruhusu nikifungue, nikiunganishe na spika yako. Kisipotoa sauti, nichomeni mimi."

Akafikiri. Akasema, "Marahaba. Fungua mwenyewe, hakuna mwingine atakayeshika."

Nikafungua. Taa ya rekoda bado ilikuwa inawaka. Nikachomeka waya, nikarudisha karibu na mwanzo wa mechi, nikabonyeza.

Kwanza upepo. Kisha firimbi ya refa. Kisha, kwenye spika kubwa ya uwanja, ikatoka sauti ya Mwanamisi. Taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto mgongoni.

"Haya mpira, njoo kwa mama. Kwa watu utateseka."

Watu wakatazamana.

"Namba sita, unanidanganya wewe. Unaangalia kulia, utapiga kushoto. Haya, piga." Kishindo. "Si nimekuambia?"

Watu wakaanza kucheka. Namba sita wa Vanga akajishika mdomo.

"Goti, usiniaibishe leo. Jioni nitakukanda." Kishindo kingine. "Mbaazi nimeepua? Nimeepua. Eeh, nimeepua."

Jamani! Uwanja ulivunjika mbavu. Mwanamisi mwenyewe alikuwa amejifunika uso kwa jezi.

Nikawa narusha mbele kipande kwa kipande, na ilikuwa hivyo kipindi kizima. Dada huyu, ambaye kwenye kamera yangu alisema maneno mawili, kumbe golini hanyamazi. Anausemesha mpira, anawasemesha washambuliaji, anajisuta, anajipongeza. Halafu ikafika sehemu ambayo alikuwa anamwomba Mola wake. Hayo siyaandiki. Ila vicheko vilikatika, na mzee Kassim akavua kofia.

Ule mpira wa nguzo nao ulisikika. Ngoo! Kisha Mwanamisi: "Nguzo, asante, nitakupaka rangi."

Na hapo ndipo nilipoiona filamu yangu. Watu hawa mechi hii wameiona kwa macho muda mfupi uliopita wakaona uchawi. Sasa wanaisikia kwa masikio, na wanamwona mchezaji. Niligeuza kamera nikaupa uwanja mgongo. Nikawa napiga nyuso tu. Watu wanasikiliza, midomo wazi. Riziki wa Vanga machozi yanamtoka huku anacheka, anasema, "Hata mimi huongea hivi hivi! Nilidhani niko peke yangu!"

Vanga wakaomba radhi. Mimi pia nikaomba, mbele ya wote, tena kwenye kipaza sauti. Mzee Kassim akaamuru rekoda ihamishiwe goli jipya la Mwanamisi, ikiwa uchi, bila kitambaa. Mechi ikaendelea.

Mnadhani imeisha? Bado.

Mwanamisi sasa akaona haya. Anajua kila neno lina msikilizaji. Akafunga mdomo kabisa. Dakika ya kumi na moja ya kipindi cha pili ukaja mpira mwepesi, wa kudakwa na mtu aliyelala, ukampita katikati ya miguu. Bao la Vanga.

Bibi mmoja nyuma ya goli akapaza sauti, "Mwanamisi! Umefunga mdomo, mlango umeuacha wazi!"

Mwingine akasema, "Ongea mama, ongea!" Ikashika uwanja mzima. Ongea! Ongea! Hata mashabiki wa Vanga walikuwemo, wallahi.

Basi akaongea. Na safari hii si kwa kunong'ona. Alipiga kelele kama yuko sokoni. Akamwambia namba sita amechoka akapumzike. Akawaambia mabeki wake wamesimama kama nguo kwenye kamba. Chapakazi wakaamka, wakasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache. Penalti zikapigwa, Mwanamisi akadaka mbili, na kila aliyekuja kupiga alikuwa anaambiwa upande atakaopiga kabla hajaweka mpira chini. Chapakazi wakachukua kombe. Mimi nilikuwa nalia nyuma ya kamera, sifichi.

Kesho yake nikaenda kwake kuomba ruhusa. Akanipa mahamri kwanza. Kisha akasema, "Dua yangu na Mola wangu iache huko huko. Mengine chukua. Na ile ya mbaazi usiitoe."

Nikaedit siku nne. Dakika ya kwanza skrini ni nyeusi, sauti yake tu. Kisha nyuso za wanaosikiliza. Kisha penalti, na huoni mpira hata mara moja, unaona midomo yake. Hakuna droni. Nikatuma zikiwa zimebaki saa sita tu kufika deadline.

Matokeo yalitolewa ukumbini Diani. Chapakazi walikuja wote na jezi zao. Riziki alikuja na wenzake wawili kutoka Vanga, na barabara ile mnaijua ilivyo ndefu. Walipotaja jina la filamu yangu kuwa ya kwanza sikusikia vizuri, Mama Neema ndiye aliyenisukuma nisimame. Vigelegele vya wale wanawake nusura vitoe paa. Shemeji wa hardware alikuwa amesimama juu ya kiti, anawaambia watu asiowajua, "Huyu ni shemeji yangu! Ameoa kwetu!"

Mshereheshaji akampa Mwanamisi maiki, akamuuliza anajisikiaje kuwa nyota wa filamu.

Mwanamisi akaishika kwa mikono miwili, kama anavyoshika mpira. Akasema, "Nilidaka, nikaitwa mchawi. Leo watu wote wamesikia nilivyokuwa nadaka."

Akarudisha maiki, akaenda kukaa karibu na Riziki.

Funzo langu wakuu: nilizunguka Galu yote natafuta mapenzi ya mchezo, na siku nilipoyapata nilikaribia kuyapoteza kwa kunyamaza. Ukikosea, sema ni wewe, tena mapema. Nami nilichelewa, na zile dakika chache nilizomwacha yule mama analia peke yake hakuna tuzo inayozifuta. Nimemwomba radhi mara tatu. Mara ya tatu akaniambia, "Basi kaka, utanichosha."

Nanyi mliowahi kusingiziwa uchawi kwa sababu mnaijua kazi yenu, shusheni visa hapa chini. Wa kunitukana pia karibuni, ila tuanze kwa salamu.