Shingo ya Baba Neema na Safari ya Kumleta Mama

Tulikwenda Mbaga, juu milimani, kumchukua mama mkwe. Mtoto wa jicho alikuwa amelifunika jicho lake moja na la pili lilikuwa limeanza kuingia ukungu, na hospitali ya Dar es Salaam ilishampangia upasuaji. Shida ni kwamba mama hakutaka kusikia habari za gari. Mara ya mwisho alipokuja kwetu aliugua mgongo wiki nzima, akaapa kuwa hateremki tena mlimani, labda akiwa ndani ya jeneza. Mume wangu, Baba Neema, aliamini kwamba wakionana uso kwa uso atakubali.

Tuliondoka Mbezi alfajiri. Baba Neema alishika usukani, na mimi, ingawa nina leseni, nilikaa pembeni na chupa ya chai. Mume wangu ni mtu wa kuwahi. Chalinze hakusimama. Segera nilimwomba tunyooshe miguu, akasema tutanyoosha Korogwe. Korogwe tukanunua machungwa dirishani, injini inaunguruma.

Mombo, milima ya Usambara ikiwa upande wetu wa kulia, nilimwona anakanda shingo kwa mkono mmoja.

“Inauma?”

“Imekaza tu. Tukifika itaachia.”

Tulipopita Hedaru alikuwa amesogeza kichwa mbele hadi karibu na kioo, na bega la kulia limempanda sikioni. Nilimwambia nimpokee. Akasema bado kidogo.

Baada ya Makanya barabara imenyooka kwenye nyika kavu, na hapo mtu hukanyaga mafuta. Ng’ombe walitokea upande wa kulia, upande wake yeye, lakini mimi ndiye niliyewaona. Nilipiga kelele. Akashika breki, gari likayumba, likasimama karibu sana na ndama, hata nikaona pua yake ilivyolowa. Mchungaji, mtu mzima aliyejifunga lubega, alikuja dirishani. Hakugomba, na hilo lilinitisha zaidi.

“Mzee, nimekupungia fimbo tangu kule. Hukuniona?”

“Shingo haigeuki, ndugu yangu. Nisamehe.”

“Basi mwachie mama aendeshe.”

Baba Neema akafungua mlango. Ilibidi aushike kwa mikono miwili ndipo aweze kushuka. Nikaendesha mpaka Same.

Same tulikwenda hospitali, tukapelekwa kwa mtaalamu wa viungo, mama wa makamo mwenye mikono yenye nguvu. Alimuuliza kama mikono inakufa ganzi. Alipoambiwa hapana, akamkanda kwa kitambaa cha moto, halafu akasema, “Twende kwenye gari nikaone unavyokaa.”

Baba Neema akapanda na kukaa kama kawaida yake.

“Hiki ni kiti au kitanda?” mtaalamu aliuliza. “Umelala, mikono umeinyoosha, kwa hiyo kichwa kinakufuata mbele. Shingo ndiyo inakibeba siku nzima.”

Alimsogezea kiti mbele hadi magoti yakakunjika kidogo, akainua mgongo wa kiti, akapandisha kile kiegemeo cha kichwa mpaka kikafika kisogoni. Akaniomba kanga, akaikunja na kuisukumiza pale kiunoni palipobonyea. “Mfuko wa nyuma una nini?”

Baba Neema akachomoa waleti iliyonona.

“Tangu Dar umekalia upande! Iweke mbele. Na hata ukikaa vizuri namna gani, mwili hautaki kukaa vilevile kutwa nzima. Kila baada ya saa mbili hivi mshuke, mtembee. Leo usiendeshe. Utashika usukani siku utakayoweza kutazama bega lako bila kugeuza mwili mzima.”

Kupandisha mlima kupitia Mwembe nilikuwa sijawahi. Kona ni kali, udongo ni mwekundu, na upande mmoja unaona vilele vya migomba chini yako. Baba Neema alisema neno moja tu njia nzima: “Honi.” Nilipiga honi kila kona.

Mbaga mama alitupapasa nyuso.

“Shikamoo, mama,” mume wangu akamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Eliamini,” akamwita mwanawe kwa jina, “mbona umekakamaa kama umemeza mwiko?”

Baba Neema angeweza kuficha. Alimweleza yote, na habari ya ndama akaitaja. Tulipokuwa tunakula makande, mama akanigeukia mimi.

“Wewe ndiye uliyepandisha?”

“Ndiyo, mama.” Nikamsimulia maneno ya mtaalamu, ya kanga na ya kushuka kutembea.

Alitafuna taratibu. “Safari ile hamkunishusha hata mara moja,” akasema. “Nilikuwa naona haya kuomba.”

Miaka yote hiyo sisi tulidhani ni uzee. Baba Neema akaweka kijiko chini. “Mama, safari hii wewe ndiye utakayesema tusimame wapi.”

Hakusema ndiyo. Lakini kesho yake tulimkuta anakunja nguo zake.

Tulirudi baada ya shingo kulegea. Mama alikaa mbele, kanga kiunoni, na sisi tulipokezana usukani. Alitusimamisha Same, akatusimamisha Hedaru. Mombo alimshika mwanawe mkono wakatembea polepole kandokando ya barabara, naye akimuuliza milima iko upande gani. Tulichelewa kufika kuliko siku zote, na hakuna aliyelalamika. Mbezi mama alishuka mwenyewe.

Nimejifunza kwamba maumivu ya safari ndefu huanza mapema, wakati mtu bado anasema imekaza tu, na kwamba abiria anayenyamaza huenda naye anaumia. Siku hizi nauliza.

Jioni ile tuliyofika, kabla hajapelekwa hospitali kwa upasuaji, mama alituambia, “Mkinirudisha, tusimame tena pale Mombo. Nataka nipaone mahali nilipotembea.”