Mkono Wangu Ulivyogeuzwa Kiganja

Mkalimani nilimkubali shingo upande. Nimemaliza kidato cha nne Kigoma, Kiingereza cha kujieleza ninacho. Lakini wakili wangu alisema kwa daktari bingwa lugha isiyumbe. Akapigiwa simu dada mmoja mwenye sauti tamu. Nikasema, "Polisi aliuvuta mkono wangu nyuma mpaka ukalia." Yeye akamwambia daktari "hand", yaani kiganja na vidole basi. Nilimsikia, nikanyamaza. Kwetu mkono ni mkono, toka begani mpaka kwenye kucha, na nilidhani daktari ana macho.

Hana. Alinikunjakunja vidole, akaandika: kiganja kizima, maelezo ya mlalamikaji hayaaminiki.

Bega ndilo lililochomoka, kwenye maegesho ya magari ya Bankstown, mtaa wetu huku ughaibuni, binti yangu akipiga kelele ndani ya kigari chake. Polisi walikuwa wanamtafuta mwizi mwenye kilemba cha njano. Mimi nilikuwa na kilemba cha njano. Mwizi mwenyewe, walipompata, alikuwa bibi wa miaka sitini.

Bila ripoti ya bega, kesi yangu dhidi ya polisi imekufa. Na siku ya mwisho ya kupeleka ripoti ilikuwa Ijumaa. Wakili akaiomba mahakama wiki tatu zaidi. Polisi walishaongezewa muda mara mbili, mara moja kwa sababu daktari wao alikwenda kuteleza kwenye theluji, na sisi hatukupinga. Sasa mwanasheria wao, mama wa lulu shingoni, akasimama: "Mheshimiwa, bega ni hadithi mpya."

"Mwambie jaji huyu mama ni mwongo," nikamnong'oneza wakili.

"Tulia."

"Nimetulia miaka miwili!"

Jaji alitupa wiki tatu, ila na daktari wa polisi naye anipime.

Daktari huyo wa polisi, mzee mmoja, alikuwa na mikono ya baridi kama samaki wa friji. "Ulishikwaje?" Kabla sijajibu kaushika mkono, kausukuma mgongoni. "Hivi?"

"Hivyo."

"Zaidi kidogo?"

Nilipiga yowe wakasikia hadi mapokezi. Akaniachia, akaandika kwa utulivu, kama mtu anayeagiza chai.

Daktari wetu, safari hii akilipima bega lenyewe, aliandika vizuri: bega limechanika, chanzo ni kuvutwa. Yule wa polisi akaandika kwamba limelegea, huenda tangu kuzaliwa, na kwamba hawezi kumaliza ripoti bila rekodi za hospitali niliyozaliwa. Hospitali hiyo iko Kongo. Ilichomwa moto sijaanza kutembea. Wakaomba miezi mitatu ya kutafuta makaratasi ambayo ni majivu.

"Tusipinge," wakili akasema. "Jaji atatuona wakorofi."

"Pinga."

"Dada, nakushauri..."

"Wewe mtoto wako unambeba kwa mikono mingapi? Pinga!"

Akapinga, dakika nne nzima. Wakapewa miezi yao mitatu, na tarehe ya kusikilizwa kesi ikafutwa.